Mkasi Haushikwi Hivyo

Juni, Punta Arenas, jua huamka saa nne asubuhi
na saa kumi na moja limeshachoka.
Upepo ni wa kuangusha watu; manispaa imefunga kamba
kwenye kona za barabara, tupate cha kushika tukivuka.
Wakati huo ndio tuliouchagua:
usiku tatu, filamu kumi na tisa,
ukumbi wa chama cha wachinja kondoo,
kwa sababu sinema yenyewe ilitukatalia kwa adabu,
adabu ile ya kufunga mlango polepole.

Mimi hukaa na sanduku la tiketi.
Mwaka wa kwanza waliingia watu kumi na mmoja,
wanne kati yao wakikimbia upepo.
Mmoja ni don Nibaldo, mkata manyoya mstaafu.
Akaniambia, nisikilize vizuri, binti,
mimi nimekuja kuota moto.
Akasimama kando ya jiko la kuni,
koti limefungwa hadi kidevuni, ubavu kwa skrini,
na filamu ilipokwisha akatoka bila kuaga.
Sikumtoza. Nani amtoze mtu kwa kuota?

Asiyekuwepo na lake halipo.
Nimekulia mji huu, mbele ya skrini kubwa,
nikiwatazama wanaume wakiwabusu wanawake
juu ya farasi, melini, chini ya mvua ya bomba,
na kila busu lilikuwa barua ya jirani
iliyoletwa kwetu kwa makosa.
Sikujua kama ninachokikosa kina jina.
Nilidhani ni macho yangu.

Tamasha lina faida gani?
Diwani aliuliza hivyo, kalamu juu ya bajeti.
Ningemsimulia habari za Yasna wa duka la dawa,
aliyekuja na mama yake, wakaacha kiti kimoja kati yao,
na juu ya kiti hicho mkoba wa mama, umesimama kama askari.
Filamu ya pili haijafika nusu,
mkoba ulikuwa sakafuni.
Lakini fomu ya diwani haina kisanduku cha mkoba.
Nikaandika: utalii.

Mwaka huu, wa kumi na mbili, usiku wa mwisho,
tulionyesha filamu ya Millaray, ya dakika saba:
wakata manyoya wawili kwenye shamba la mbali,
misimu thelathini wakilala kitanda kimoja,
asubuhi wakitandika viwili.
Projekta ilikwama mara moja. Mtu akakohoa.
Nikatupa jicho kwenye jiko: hapakuwa na mtu.
Don Nibaldo alikuwa ameketi,
safu ya nne, kofia magotini.

Taa zikawashwa, yakaja maswali,
ya mwanga, ya kamera, ya fedha.
Akanyoosha mkono kama mtoto wa shule.
"Mkasi haushikwi hivyo."
Watu wakacheka. Akasubiri kicheko kiishe,
akainuka, akainama, akambana
kondoo asiyekuwepo katikati ya mapaja.
"Gumba ndani. Unaanzia tumboni,
taratibu, ngozi yenyewe isijue.
Osvaldo alishika hivi."

Osvaldo.
Jina likabaki hewani, chini ya picha
za viongozi wa chama na masharubu yao.
Hakuna aliyepiga makofi.
Millaray akafungua daftari, akauliza,
"Na mkono wa kushoto je?"
Naye akamwonyesha mkono wa kushoto,
muda mrefu kuliko filamu yenyewe.

Tukakunja viti. Nje kamba zilikuwa zinalia.
Akaja mezani kwangu, akalamba kidole,
akahesabu noti: tiketi za miaka kumi na miwili.
"Nimeota vya kutosha," akasema. "Nalipa."
Sikuwa na chenji.
"Basi mwakani,"
akavaa kofia, akashika kamba, akavuka.